Mfalme Pembeni

Marehemu kaka yangu alichelewa kufika, kama kawaida yake. Alipokuwa hai alichelewa kwa sababu ya maumivu ya viungo, na pengine kwa uvivu tu, maana Nkwabi alikuwa mvivu jamani, tusimpambe kwa kuwa amekufa. Siku hizi anachelewa kwa sababu Baba hakubali mtu mwingine ambebe, na Baba hutembea polepole. Nilikuwa nimeshakaa mbele ya ubao wa chesi katika ukumbi wa klabu ya reli, Tabora, watu wamejaa mpaka madirishani, mwamuzi anaangalia mlango kila dakika, na mimi namngoja maiti aje tucheze.

Wakaingia. Baba, Mzee Mihayo, fundi mstaafu wa ishara za reli, alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kukumbatia kisanduku kilichofungwa ndani ya sweta la kijani. Sweta lilikuwa la Nkwabi. Kisanduku ndicho Nkwabi mwenyewe, au tuseme ndicho kile ambacho kampuni ya Mwendelezo inatutaka tukiite kivuli chake. Nyuma yake alikuja Leokadia, mwajiriwa wa Mwendelezo, ambaye kazi yake inaitwa mkono: kivuli kinachagua, yeye anasogeza kete. Baba akafungua sweta, akakiweka kisanduku juu ya meza upande wa pili, akakiwasha. Jicho lake dogo la kioo likafunguka na kunitazama.

Kisha akaweka kando yake kikombe cha chai ya tangawizi, bila sukari, kama Nkwabi alivyoipenda. Hufanya hivyo kila mechi. Chai inapoa, mechi inaisha, Baba anaibeba kwenda kuimwaga nje. Klabuni hapo kuna watu wana midomo mirefu, lakini sijamsikia hata mmoja akithubutu kumwambia neno.

Mimi Baba alikuwa ameshaniambia lake asubuhi, tukinywa uji. Alizunguka sana kabla ya kufika. Aliuliza kama nimelala vizuri, akasifia uji, akasema mvua mwaka huu zitawahi. Mwisho akaweka kikombe chini na kusema kwamba sare si dhambi, kwamba mabingwa wakubwa wametoka sare na hawakufa.

"Nakuomba sare tu, Kalunde," alisema. "Sikuombi ushindwe."

Nilimjibu kwamba nitaona. Alijua maana yake, maana mimi nikisema nitaona huwa nimeshakataa.

Sababu ya yeye kuomba ilikuwa wazi. Vivuli viliporuhusiwa kuingia ligi, watu waligombana vibaya. Wafu hawaugui malaria, hawana watoto wa kupeleka shule, hawachoki, na walikuwa wanakalia viti vya walio hai bila dalili ya kuondoka. Ndipo chama cha chesi kikaweka masharti. Kivuli kisiwe na sauti, kwa sababu mama mmoja aliwahi kuacha kula akawa anaongea na mwanawe mchana kutwa mpaka akaanguka. Na kivuli kitakaa kwenye kiti cha ubingwa mpaka atokee aliye hai wa kukifunga. Siku hiyo kinazimwa palepale ukumbini, na kila kilichonaswa kutoka kwa marehemu kinafutwa. Kikishinda kinabaki. Ikiwa sare, kinabaki.

Tangu Nkwabi azikwe, mimi nilikuwa wa pili Tanzania nzima, nyuma ya marehemu. Hebu fikiria aibu hiyo. Wengine walimkabili wakapigwa, mimi nikawa nakataa kila nikiitwa, nikisema naumwa, nikisema nina safari. Hata nyumbani sikukigusa kisanduku. Kila jioni Baba alifunga mlango wa sebule na kucheza naye, mimi nikabaki jikoni nasikia kete zikigonga ubao. Mwaka huu chama kikasema nikikataa tena nitashushwa daraja, basi nikakubali. Na nisiwadanganye, nilikitaka kile kiti. Nilikitaka mpaka nikawa nakiota.

* * *

Mwamuzi akabonyeza saa. Nikasukuma askari wa mbele ya mfalme hatua mbili, na Leokadia akasogeza askari wa upande wa malkia, mwanzo unaoitwa Ulinzi wa Sisilia. Nilijua atakachocheza, ukumbi mzima ulijua. Baada ya hatua chache askari wake walikuwa wamejipanga ule mpango wenye kona kona ambao wachezaji huuita Joka, na askofu wake amejificha nyuma, karibu na mfalme, akilenga ubao mzima kwa mshazari.

Joka halifai kwa mtu mwenye moyo mdogo. Mweupe anaficha mfalme wake upande huu, mweusi upande ule, halafu kila mmoja anakimbilia kwa mwenzake na panga. Mimi nafungua njia ya pembeni kumfuata mfalme wake, yeye anafungua njia ya katikati kumfuata wangu. Anayepoteza hatua moja amekwisha. Watu wenye akili zao hukwepa kabisa. Nkwabi alilipenda toka utotoni kuliko chakula. Alikuwa na selimundu, na alisema mwili umemlazimisha kwenda polepole kila mahali, basi hapa atakimbia.

Tukakimbia. Nikamtoa sadaka askari wangu wa pembeni ili njia ifunguke, na ngome yangu ikawa inatazama moja kwa moja uani kwa mfalme wake. Kivuli hakikutishika. Kilikuwa kinajibu kwa mwendo uleule wa Nkwabi, haraka haraka pale penye hatari, polepole pale ambapo hakuna la kufikiria. Nikaanza kuona mambo mengine ambayo sikuyataka. Leokadia alikuwa anazungusha kila kete kidogo anapoitua, kama mtu anayefunga taa ya balbu. Nkwabi ndiye aliyefanya hivyo. Nilimtazama Leokadia usoni, na nikaona hana habari kabisa na kile ambacho vidole vyake vinafanya.

Tukafika mahali ambapo kila mtu ukumbini alijua hatua inayofuata. Mweusi anatoa ngome yake, anamla farasi wangu mbele ya mfalme wangu, na hapo ndipo Joka linapotema moto. Nilikuwa nimejiandaa kwa miezi kadhaa kwa hatua hiyo. Nilikuwa nimeshakunja mikono kuisubiri.

Leokadia akaangalia kioo chake kinachomwonyesha hatua iliyochaguliwa, akakunja uso, akaangalia tena. Kisha akamchukua mfalme mweusi na kumsogeza mpaka kwenye kona ya ubao.

Minong'ono ikapita ukumbini. Ilikuwa hatua ya mtu asiyejua kucheza. Ile njia niliyoifungua inaishia hapohapo kwenye kona, yaani mfalme ametoka ndani mwenyewe akaenda kusimama barabarani. Nikadhani ni mtego. Nikasogeza mfalme wangu hatua moja, kwa tahadhari tu, nione atafanya nini. Akamrudisha mfalme wake alikotoka. Nikasogeza tena wangu, safari hii kwa kuchanganyikiwa, sina mpango wowote kichwani. Leokadia akamshika mfalme mweusi, akamtua pembeni kwa mara nyingine, akamzungusha kidogo.

Pembeni, akarudi, pembeni tena. Nikaishusha mikono yangu chini ya meza.

Baba alitufundisha chesi kwenye ubao aliouchonga mwenyewe kwa mbao ya mninga, sisi tumekaa kwenye mkeka, yeye kwenye kiti akiwa bado na sare ya kazini. Nyumbani kwetu kulikuwa na amri moja ambayo haikuvunjwa: hakuna kumlaza mfalme wako. Hata kama umebaki na askari mmoja, hata kama mwenzio ana malkia wawili, utakaa hapo mpaka ufungwe. Baba alisema anayejizoeza kusalimu amri ubaoni atasalimu amri na kwenye maisha. Nkwabi alikuwa akiumia magoti kukaa vile, machozi yanamlengalenga, na mechi iliyokwisha bado inaburutwa. Ndipo tukatunga ishara. Ukiona mfalme wa mwenzio anakwenda pembeni, anarudi, anakwenda tena, ujue anakwambia nimechoka, nimalize. Na tuliapa kwamba anayeonyeshwa haulizi, wala haringi, wala hachezi na mwenzake. Anamfunga kwa njia fupi iliyopo. Baba aliridhika kwamba amri yake imefuatwa, Nkwabi akaenda kulala.

Hatukumwambia mtu yeyote. Nilikuwa na hakika hiyo.

* * *

Mwamuzi ndiye aliyesimamisha saa. Kanuni inasema kivuli kikifanya jambo la ajabu lazima kikaguliwe, isije ikawa kimeharibika, mtu akachukua ubingwa kwa kumpiga mgonjwa. Tukaambiwa tusiguse kitu. Nikatoka nje, nikaenda kunawa uso bombani, nyuma ya ukumbi. Baba hakuinuka.

Baada ya muda Leokadia akanifuata, maana sheria inamtaka anieleze matokeo. Ni mwanamke mtaratibu, wa makamo, sauti yake ya chini. Akasema kisanduku ni kizima, hakuna waya uliolegea, hakuna kilichofutika. Hatua ile kivuli kilikuwa kimeichagua chenyewe, na kilipochagua hakikusita.

Nikamuuliza kama kimewahi kumfanyia mwingine. Akasema mechi zote za mashindano alikuwapo yeye, na hajawahi kuona. Mechi za nyumbani ni za Mzee, haruhusiwi kuzifungua.

"Kwa hiyo mle ndani kuna mtu?" nilisema. "Nijibu kama dada yangu, usinijibu kama kampuni."

Akanieleza vile wanavyofundishwa kueleza, kwa kugusa ule utepe niliokuwa nimeuvaa kwenye paji la uso, chini ya kilemba, ambao kila mchezaji wa daraja la kwanza anauvaa akiwa anacheza. Utepe hunasa namna akili inavyoyumba kabla mkono haujanyanyuka. Miaka inapita, vinavyonaswa vinarundikana: unaogopa nini, unasita wapi, ukitazamana na fulani unabadilika vipi. Ukifa, rundo lile linapangwa kwa uzito, na kivuli ndicho hicho. Hali fulani ikitokea ubaoni, uso fulani ukionekana kwenye jicho la kioo, mazoea fulani yanaamka. Nkwabi alivaa utepe tangu akiwa mtoto, hata nyumbani kwenye mkeka, kwa sababu Mwendelezo walimpenda mapema.

"Amekuona wewe, kitu kikaamka," alisema. "Kama ni mazoea tu au ni yeye anayeomba, chombo cha kupima hicho hakijatengenezwa."

"Na anachoka?"

"Tumefundishwa kujibu hapana." Akajifuta mikono kwenye sketi, ingawa ilikuwa mikavu. "Lakini nikimsogeza yule mfalme mkono wangu ulikuwa mzito, dada. Sijui kwa nini nakwambia."

Akarudi ndani. Nikabaki pale bombani na hasira, maana nilikuwa nimetaka mtu anipe jibu, nikapewa swali lilelile limeoshwa vizuri. Kama ni mazoea tu, basi nikimfunga nitakuwa nimezima kitu pekee ambacho Baba alikuwa nacho jioni, kwa sababu ya mchezo wa kitoto wa mkekani. Kama ni yeye, basi kumpa sare ni kumrudisha kwenye mkeka ule, magoti yakimuuma, mwaka mwingine mzima, na mwingine, na Baba anakazana kumwekea chai.

Lililonitisha zaidi lilikuwa langu mwenyewe. Nilikitaka kiti. Mtu anayekitaka kiti akiona mfalme pembeni atasema ni ishara, hata kama ni upepo. Ningejuaje kwamba ninamsikia kaka yangu, wala siisikii tamaa yangu ikisema kwa sauti yake?

* * *

Niliporudi mezani jicho la kioo lilikuwa palepale, linanitazama. Saa ikabonyezwa.

Sare ilikuwa mikononi mwangu, haikuhitaji hata ujanja. Ningemsogeza mfalme wangu kama nilivyokuwa nikifanya, yeye aende na kurudi na wake, mpangilio uleule ujirudie, na mwamuzi angetangaza sare kwa mujibu wa kanuni. Mkono wangu ulikuwa umeshafika juu ya mfalme, haujamgusa. Nikamtafuta Baba kwa macho.

Alikuwa mstari wa mbele. Watu wote walikuwa wanatazama ubao mkubwa ukutani, wanaonyeshana kwa vidole. Baba alikuwa anakitazama kile kikombe cha chai, na midomo yake imebana vile inavyobana akiwa anaumwa jino na hataki kusema. Sikuelewa. Nilifikiri anaomba Mungu nikumbuke uji wa asubuhi.

Nikarudi kwa jicho la kioo. Nikajiambia, Kalunde, tuliapa kutouliza. Tulikuwa watoto lakini tulijua tulichokuwa tunafanya: tulitunga kiapo kile kwa sababu tulijua anayeulizwa "una hakika?" huwa anasema hapana kwa haya. Nimekaa nje pale bombani nikiuliza maswali yote ambayo niliapa kutoyauliza. Na kama tamaa yangu imo, basi imo, nitaibeba mwenyewe. Haiwezi kuwa sababu ya kumwacha mtu barabarani.

Nikamwacha mfalme wangu. Nikamsukuma askofu mbele, nikabadilishana na askofu wake, yule mwenye kulilinda Joka, na malkia wangu akaingia kusimama mbele ya kona yenyewe.

Bado aliweza kupigana, na hili ndilo linalonijia kila nikifumba macho. Ile ngome yake ilikuwa bado ipo, ile hatua ya moto bado ilikuwa wazi, angeweza kunisumbua mpaka jioni. Ukumbi ukamngoja aicheze. Leokadia akasogeza askari mmoja wa upande wa mbali, hatua moja, hatua isiyo na kazi yoyote.

Nikampeleka farasi wangu katikati. Sasa mlinzi wa mfalme mweusi alikuwa mmoja tu, farasi aliyezuia malkia wangu asiingie. Hata anayejifunza leo angejua kwamba farasi yule hapaswi kutoka pale. Farasi yule akamla wangu, akaondoka mlangoni, na mlango ukabaki wazi.

Nilikuwa nalia sasa, sina haja ya kuficha. Nikamchukua malkia, nikamla askari wa mwisho mbele ya mfalme, nikamtua pale. Nikamzungusha kidogo.

Watu wachache walipiga makofi, kisha wakaacha.

* * *

Desturi ni kwamba mshindi ndiye anayezima. Mwamuzi akanisogezea kisanduku, akanionyesha kitufe, akarudi nyuma kwa heshima. Baba alikuwa ameinuka. Nikamwona akija na nikajiandaa. Nilifikiri atanilaani mbele ya watu, na nilikuwa nimeshaamua kwamba nitakaa kimya nilaaniwe.

Akasimama kando yangu, mkono wake juu ya meza.

"Mlidhani sijui," alisema, kwa sauti ambayo mimi na Leokadia tu tungeisikia. "Pembeni, kurudi, pembeni. Mimi nilikuwa nakaa kitini, mwanangu, ninyi mko chini. Nilikuwa naona ubao wote."

Akaendelea kuongea huku akikitazama kisanduku. Akasema alinyamaza tukiwa watoto kwa sababu mtoto alihitaji kupumzika na yeye hakujua namna ya kuivunja amri yake mwenyewe. Akasema Nkwabi alikuja kumfanyia na yeye, hospitalini, siku za mwisho, kwenye ule ubao mdogo wa sumaku. Alikwenda pembeni, akarudi, akaenda tena, akamtazama baba yake. Na Baba akamwondoa malkia wake aliyekuwa tayari kufunga, akamrudisha nyuma, akasema tuendelee.

"Na huyu?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Kila jioni," alisema. "Kila jioni anakwenda pembeni, na mimi naondoa malkia."

Nilipata hasira ambayo sijawahi kuipata juu ya baba yangu mzazi. Nilitaka kumpigia kelele palepale, kumuuliza ni jioni ngapi, kumuuliza asubuhi aliniombaje sare akiwa analijua hilo. Nikamgeukia na mdomo wazi. Alikuwa amezeeka ghafla, koti la kanisani limemning'inia mabegani kana kwamba si lake, na nikaona kwamba hakuna swali nililokuwa nalo ambalo yeye hajajiuliza nyuma ya ule mlango wa sebule. Nikafunga mdomo.

Akanyoosha mkono akachukua kikombe cha chai. Nikadhani anakwenda kumwaga, kama siku zote. Akainywa yote, baridi vile vile, bila sukari, akakiweka kikombe mezani.

"Haya," akasema.

Nikabonyeza. Jicho la kioo likafumba. Leokadia akafungua kifuniko na kufanya kazi yake ya kufuta, na alipomaliza akawa anarudisha kete kwenye mfuko wake, moja baada ya nyingine, anaziweka wima tu, hazungushi.

* * *

Tulirudi nyumbani. Watu walikuja kunipongeza, wakakuta nyumba imepoa, wakaondoka mapema. Baba alikuwa amekaa sebuleni, mlango wazi, sweta la kijani limekunjwa magotini, anatazama mahali pa kisanduku. Nikapika wali, hakula. Nikawasha redio, akaomba niizime.

Jua lilikuwa bado halijazama. Nikautoa ule ubao wa mninga, nikaupanga mezani, nikampa yeye kete nyeusi. Kabla sijakaa niliufungua utepe kwenye paji la uso na kuutundika msumarini, pale Baba anapotundika kofia. Mkataba wangu unakataza. Nilijiambia Mwendelezo wakitaka kunishtaki wanajua nyumba ilipo, lakini mechi hii haitaingia kwenye rundo la mtu.

Nikaanza na askari wa mfalme. Baba akajibu kwa Sisilia, akapanga Joka, taratibu, kila kete akiishika kwa muda kabla ya kuiachia. Hajawahi kulicheza maishani mwake. Siku zote alisema ni ulinzi wa watu wenye wazimu, na alimgombeza sana Nkwabi juu yake. Alikuwa analicheza vizuri, maana amekaa mbele yake jioni nyingi.

Nilifungua njia ya pembeni kama kawaida. Nikamsubiri ale farasi wangu. Baba aliishika ile ngome, akaiachia. Akamchukua mfalme wake, akamsogeza mpaka kwenye kona.

Nikacheza hatua ya kupitisha muda, nisiwe nimeharakisha. Akamrudisha. Nikacheza nyingine. Baba akampeleka mfalme pembeni tena, akaondoa mkono wake, akauweka juu ya sweta.

Sikumuuliza kitu. Nilitafuta njia fupi iliyokuwapo, nikamfunga, na tukakaa pale tukiutazama ubao mpaka giza likaingia na sikuweza tena kuona kete.

Kisha nikaenda kumpashia wali.